Saa Moja Mpaka Saa Tatu Hakuna Anayenipigia

Admin, nifiche tafadhali, maana watu wa kanisa letu wamo humu ndani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, sijaolewa na sina mtoto. Nafanya kazi ya stoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Voi, na nimepanga chumba kimoja Kaloleni. Kwetu ni Rukanga, ambako baba amebaki peke yake tangu mama atutoke.

Mwaka jana nilijiandikisha kusoma diploma kwa mtandao. Masomo ni ya video, unajifunza kwa wakati wako, kisha unajibu maswali ya kila wiki. Nilimwambia baba kwamba kila siku, saa moja jioni mpaka saa tatu usiku, nitakuwa darasani. Nilisema "kila siku" kwa kujishaua tu. Lakini baba yangu hachukui neno kimzaha. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akaomba mtu yeyote asinipigie saa hizo, na shangazi, binamu zangu na wamama wa kwaya wote wakakubali. Yeye mwenyewe ili apate netiweki ni lazima apande mpaka kwenye jiwe lililo juu ya tangi la maji. Alikuwa akipanda jioni kukipoa. Akahamisha ikawa saa saba mchana, jua la utosini, anipate nikiwa napumzika kazini.

Wiki mbili nilisoma vizuri. Ya tatu nikafungua simu niangalie ujumbe mmoja tu kabla ya somo, nikaja kushtuka saa tatu imepita. Kesho yake vilevile. Na msidhani sijui la kufanya. Mbinu zote ninazijua, kwa sababu video ninazotazama sana ni zile za kufundisha watu kuacha kutazama video. Nimewahi kuifungia simu ndani ya sufuria na sufuria nikaiweka juu ya kabati. Nilipanda kiti nikaitoa kabla ugali haujaiva. Zile app nimezifuta na kuzirudisha siku hiyohiyo, mara sijui ngapi. Nina daftari tatu za ratiba, zote zimeandikwa ukurasa wa kwanza peke yake.

Kilichonimaliza zaidi ni ule ukimya. Zamani jioni simu yangu ilikuwa haitulii. Shangazi atapiga aniambie nani amechumbiwa, binamu atapiga anikope maneno ya kumtongoza msichana, hata tukigombana ni sawa. Sasa kimya. Nikawa namsikiliza mwanamke wa nchi ya mbali akipanga friji yake, kwa sababu angalau alikuwa anaongea. Nilipoacha kujibu maswali miezi miwili mfululizo, wakanifungia masomo. Sikumwambia mtu. Baba akiuliza, "Masomo yaendaje?" nasema, "Yanaenda, baba."

Halafu mwezi wa nane ndovu wakaingia shambani kwetu. Baba alitoka na debe kwenda kuwafukuza, akaanguka kwenye mtaro, akavunjika mkono. Binamu yangu Mwakio ndiye aliyemkuta. Alitaka kukimbia jiweni anipigie, baba akiwa palepale chini akamkataza. "Saa hii ni saa mbili. Yuko darasani. Mwache mtoto asome."

Nilipata habari kesho yake mchana. Mwakio aliponitajia hiyo saa mbili, nilikumbuka nilichokuwa nikitazama. Ilikuwa video ya tabia tano za watu waliofanikiwa. Nilirudi stoo nikakaa nyuma ya mifuko ya saruji nikalia. Naona aibu mpaka leo.

Jumapili iliyopita nilienda nyumbani nikiwa nimeamua kusema. Niliomba ruhusa ya Jumatatu kazini ili nilale huko, tukishakula nimweleze pole pole. Kanisani nikasimamishwa, watu wakanipigia makofi. Wamama wa kwaya wakaniambia kitambaa cha siku ya kufuzu wameshachagua, wanangoja tarehe tu. Saa nane tukiwa nyumbani, baba akachukua mkoba wangu kwa ule mkono mzima.

"Twende nikusindikize stendi, usije ukachelewa."

"Baba, leo nilale hapa."

"Na darasa je?"

"Leo ni Jumapili."

"Si uliniambia ni kila siku? Hapa ndani netiweki hakuna. Utanikuta, mwanangu. Siendi popote."

 Akaniwekea pojo za kupika kwenye mfuko, akasimama pale stendi mpaka gari likaondoka. Saa moja jioni nilikuwa chumbani kwangu nimekaa kitandani, na pojo ziko mlangoni.

Nikimwambia ukweli, nitamvunja moyo na kumwaibisha mbele ya kanisa zima. Nikinyamaza nianze upya kimyakimya, ninajijua. Mimi huyu wa sufuria, nani ataniamini? Na hata nikiweza, itakuwa mwaka mwingine wa yeye kupanda jiweni na jua la saa saba kwa ajili ya uongo wangu.

Ninawaandikia ikiwa ni saa moja na nusu. Simu ninayo mkononi, ina chaji na salio, na wote wanaonipenda wamenyamaza ili nisome. Ndugu zangu msionijua, ninyi ndio watu pekee ninaoweza kuongea nao saa hizi. Baba yangu nimwambie vipi? Nishaurini, nifanye nini?