Karani wa Dirisha la Majina

Karani wa majina ya biashara hulitamka kila jina kwa sauti, macho ameyafumba, kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara, ndipo alitafute kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. "Ushonaji Bora? Lina mwenyewe." Nikampa Ushonaji wa Taifa. "Hilo watu watadhani ni la serikali. Halikubaliki, dada." Nikamwomba anichagulie yeye, maana shule ingenipa kazi ya sare endapo tu ningepeleka cheti cha jina siku hiyo hiyo. "Karani hamchagulii mteja," akasema, akafunga dirisha.

Nikabaki kwenye benchi na binti yangu mdogo mapajani. Mara akatoka na kikombe cha maji, akaketi kando yetu, akamshika mwanangu kidole. "Bibi mdogo, nyumbani wanakuitaje?" Kipusa, nikamjibia. "Basi, Kipusa, ningekuwa mama yako ningetumia hilo." Mimi hakunitazama hata kidogo. Akamaliza maji, akarudi ndani, akafungua dirisha. Nikasimama tena dirishani: "Mavazi ya Kipusa." Akafumba macho, akaliita, akalitafuta kwa kidole kile kile. "Halina mwenyewe. Jina zuri! Umelitoa wapi, dada?" Nikamtazama mtoto, mtoto akamtazama yeye.