Wa Kumi na Tatu Msituni

"Kumi na tatu sikubali," alisema Niyomwungere, kasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. "Aongezeke mmoja au arudi mmoja. Namba hii haina adabu."

Esteri, mkubwa wetu wa kuni pale Kitahana, alimjibu aache hesabu zake, jua linapanda.

Huyo Niyomwungere ni jirani yangu. Mjane, mlima mihogo, mdomo kama wangu, ndiyo maana tunaelewana. Viti vya msibani, mbegu za maharage, hata watoto wa watu wakienda shule, lazima atazame wanagawanyikaje. Wenzake wanasali rozari, yeye anatafuta vigawo.

Siku zile hakuna aliyeingia msituni peke yake. Kitenge cha mama mmoja kilikuwa kimeokotwa huko, kimetandikwa juu ya kisiki. Mwenyewe hadi leo hajaonekana. Basi tukawa tunakwenda kwa makundi yaliyo sawa. Tulipokuwa kumi na wawili ilikuwa raha: wawili wawili, watatu watatu, wanne wanne, habaki mtu. Asubuhi ile akaongezeka Claudine, bi harusi wa juzi kutoka Makere.

"Kumi na tatu ni namba tasa," Niyomwungere alisema. "Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe, basi. Ama kila mtu kivyake, ama wote kundi moja. Katikati hapana."

Esteri akakata shauri: makundi manne ya watatu, na huyu mtoto Claudine afuate lolote. Tukaitikia ego, ego, ndiyo hivyo, tukaingia.

Hilo "lolote" ndilo lililotuponza. Kila kundi lilidhani Claudine yuko kwa wenzao. Tulipokutana njia panda, mizigo kichwani, tukabaki kutazamana. Claudine hakuwemo.

Niyomwungere hakutusimanga. Alitupa kuni zake chini, akashika panga, akarudi alikotoka. Tukamfuata wote, tukiita jina la mtoto.

Tulimkuta ameegemea mti, macho hayapepesi. Mbele yake palikuwa na majivu yanayofuka moshi na nyasi zilizolaliwa.

"Kuna mtu alikuwa hapa," alisema. "Mpole. Ameniuliza, 'Wenzako wamepita watatu watatu. Wewe ni wa nani?' Mlipoita, akaondoka."

Tulirudi tumeshikana nguo. Njia panda, mzigo wa Niyomwungere haukuwepo. Kamba yake ilikuwepo, imekunjwa vizuri. Hakuna aliyeiokota.

Kesho yake nilikuwa kwa Niyomwungere, ndipo Claudine akafika na mzigo wa kuni aliopewa na mama mkwe.

"Shikamoo mama. Kuni zako zilipotea kwa ajili yangu. Nimeleta deni."

Niyomwungere alichomoa kijiti kimoja, akakisukuma chini ya chungu, akamrudishia zilizobaki.

"Umelipa," alisema. "Sasa nenda. Pita barabarani, na huyu jirani yangu akusindikize."