Salamu Maria Kumi za Kutafuta Mpira

Miaka ile ya vita, Mungu alitupa sisi watu wa mji wa Baraka siku nyingi zisizo na kazi. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa, na padri mzungu alikuwa amevuka ziwa kwenda Kigoma. Aliniachia mimi, katekista wake, funguo za nyumba, fimbo tatu za gofu, mipira saba na kitabu cha sheria kwa Kifaransa. Funguo nilizilinda. Kitabu nilikisoma chote, kwa maana sijawahi kuacha kitabu njiani.

Kilikuwa na huruma kuliko nilivyotarajia. Mpira ukipotea, unatafutwa dakika tano. Usipoonekana, unaongezewa pigo moja la adhabu na kupiga upya pale pale ulipopigia. Ukikwama pasipopigika, unautoa, nako ni adhabu ya pigo moja. Tena, ukihofu kwamba umepotea, unaweza kupiga mwingine kabla ya kwenda kuutafuta, mradi utangaze kwa sauti kuwa huo ni wa provisoire, yaani wa muda tu. Neno hilo tulilijua. Siku zile kila kitu kwetu kilikuwa provisoire: vitambulisho, madaraja, hata serikali. Lakini wa kwanza ukionekana kabla ya dakika tano kwisha, huo wa provisoire unafutwa, hata kama umelala pazuri namna gani.

Nilicheza na jirani yangu, mzee wa kanisa la Kiprotestanti, katika uwanja wa misheni. Tulichimba matundu matatu, tukayatia makopo ya nyanya. Saa zetu zilikuwa zimekwenda na askari, basi dakika tano tukazipima kwa fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi, nikisali mimi kwa sauti. Mara moja tu tulijaribu kupima kwa sala ya jirani yangu. Mpira ulitafutwa, ukaonekana, ukapigwa hadi ukaingia koponi, naye bado hajafika amina.

Mipira ilipobaki mitatu, alinijia na shida.

"Katekista, bakwe bangu banashuka toka Fizi siku ya Mungu kwa ndoa ya mutoto, na mi sina hata kifaranga. Nitabapa majani ya sombe tupu?"

"Jogoo yangu hainunuliwe, mukubwa."

"Basi tuicheze."

Jogoo huyo ndiye pekee ambaye askari hawakumla mtaani kwetu. Nilimficha ndani ya tenga katikati ya shamba la muhogo kando ya uwanja, nikamfunika gunia asijue kumekucha, asije akawika. Tukapatana: akishinda, anamchukua, akishindwa, mwezi mzima atakaa benchi la mbele kwenye rozari yangu, shanga mkononi.

Tulifika tundu la tatu tukiwa sawa. Askari wawili walikuwa wamekaa pembeni wakitutazama. Walikuwa wameupenda mchezo ule kuliko nilivyotaka. Mimi nilipiga, mpira ukalala katikati ya uwanja. Mzee alipiga, wake ukaruka ukaingia muhogoni.

"Provisoire," alitangaza, kama mtu anayesoma zaburi. Akapiga tena. Ulisimama shubiri moja kutoka koponi.

Tukaingia shambani. Sasa yeye hakutaka mpira wake wa kwanza uonekane, akawa anatafuta kwa bidii mahali alipojua haupo. Mimi niliutaka sana, basi nikasali polepole, kila neno na pumzi yake.

"Katekista," alisema, "hiyo Salamu Maria iko inapanda Fizi kwa miguu?"

"Sala haina haraka, mukubwa."

"Ile ya juzi, mpira ulipopotea wako, ilishuka na pikipiki?"

Kwenye Salamu Maria ya sita niliuona. Ulikuwa umekaa juu ya gunia, na chini ya gunia jogoo alikuwa akikoroma taratibu.

"Munauona?" askari mmoja aliuliza, akiinuka kuja kutusaidia.

Mungu anisamehe. Salamu Maria nne zilizobaki zilinitoka kama mahindi yanayomwagika kutoka mfukoni, na amina ikafika kabla askari hajavuka mstari wa kwanza wa muhogo.

"Umepotea," nilisema. "Tuendeleeni na ule wa provisoire."

Mzee aliutia koponi kwa pigo moja. Mimi, jicho moja likiwa kwa askari, nilimaliza kwa mapigo sita.

Wakwe walikula, wakasifu, ndoa ikafungwa. Nilikaribishwa, nikapewa paja, nami nikashukuru, kwa kuwa ni heri jogoo aliwe na watu wanaoomba kwanza. Lakini katikati ya paja nilimnong'oneza mzee ukweli wote.

Alitafuna, akafikiri kama hakimu.

"Basi haukupotea. Ilifaa nipigie juu ya tenga."

"Ndiyo, mukubwa."

"Mchezo ni batili. Tutacheza tena."

"Kwa jogoo gani?"

Alitazama bakuli. "Weka hata mupya. Ikuwe ya provisoire."

Kisha akanisogezea shingo, maana paja nilikuwa nimekwisha kulimaliza.