Matundu Kumi na Mawili ya Kabati la Kiholanzi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya samani ya Ras Al Khor, huku Uarabuni, msimamizi wetu, Mpemba mwembamba, alinikabidhi kabati kuukuu. "Yalla, Juma. Lirekebishe, ulipake vanishi. Madam analifuata Alhamisi."

Ubavuni lilikuwa na matundu kumi na mawili. Nikadhani ni ya dumuzi, yule mdudu mla mbao, nikafanya nilivyofunzwa Unguja: nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikayaziba, nikapiga msasa hata kidole kisiyahisi. Wanangu mnaoanza ufundi, sikutazama vizuri. Dumuzi hutoboa ovyo. Matundu yale yalipangwa mstari mmoja.

Alhamisi akaja bibi wa Kiholanzi, mwenye miaka sabini na kitu. Akapapasa ubao, akapapasa tena. "Yako wapi?"

"Nimeyaziba yote, madam," nikajibu kwa fahari.

Akaketi juu ya kopo la rangi. Kwa Kiingereza cha taratibu akatueleza kwamba wakati wa vita alikuwa mtoto wa Kiyahudi wa miaka mitano. Mkulima wa kijiji kidogo cha Uholanzi alimficha ndani ya kabati lile kila askari wa Kijerumani walipokuja kupekua. Ndiye aliyetoboa matundu, ili mtoto apumue. Baadaye askari walimchukua mkulima mwenyewe, asirudi.

"Sina hata picha yake," akasema. "Nilikuwa na matundu hayo tu."

Msimamizi akanigeukia. "Haya, bingwa wa kuziba. Yafungue."

"Nilete keekee ya umeme?"

"Ukitoboa kwa keekee, yatakuwa matundu yako wewe. Yeye anataka ya mkulima."

Bahati yetu, gundi ile hulegea kwa maji ya moto. Nikakanda kwa kitambaa, nikachokoa kwa sindano, tundu moja moja, siku mbili. Bibi alikaa kando akinimenyea machungwa. Tundu la mwisho lilipofunguka, akaingiza kichwa kabatini, akavuta mlango mpaka mabegani.

"Naona mwanga," akasema kutoka ndani. Msimamizi akajifanya anatafuta patasi.

Baada ya hapo nilipita karakana tatu, mpaka nami nikawa msimamizi. Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Al Twar, mji uleule, na mafundi vijana hunitumia picha za samani wakiuliza namna ya kuziba matundu. Nawafundisha kwa furaha, lakini kwanza nawaambia wampigie simu mwenye samani, wamuulize. Asipopatikana, wayaache wazi.