Machozi ya Shangazi

Kwa miaka tisa, mhariri wa ibada za runinga aliyaokoa mahubiri yaliyopoa kwa kuyabandikia picha za machozi ya Jumapili nyingine. Yaliyomfaa kuliko yote yalikuwa ya shangazi yake, aliyoyamwaga kanisani alipomzika mumewe.

Siku moja shangazi aliingia chumba cha kuhariria, uso unang'aa.

“Mwanangu, nimejiona kwenye runinga nikilia kwa mahubiri ya msamaha, na siku ile nilikuwa kitandani na homa! Si Mungu huyo aliyenibeba hadi kanisani?”

Ukweli ulimfika mhariri kooni, ukamwona shangazi alivyofurahi, ukarudi chini.

“Ndiye, shangazi.”

“Basi nitatoa ushuhuda. Na wewe ndiye utakayenirekodi.”

Aliurekodi, akaurusha bila kukata hata neno. Tangu hapo, wenzake wakifumba macho kusali, yeye hujifanya anafuta lenzi ya kamera.