Namna Jina la Segantin Lilivyopanda Muyinga

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa ubao hata mmoja. Nilifika Mushasha, pale Gitega, umande haujakauka, nimevaa shati la kaka yangu, na mzungu mkuu wa karakana akanipa msumeno na tupa, kile chuma cha kunolea meno ya msumeno. Akasema, "We noa. Ukimaliza, noa tena." Nilinoa mpaka alasiri. Wenzangu watatu tulioanza nao siku ile walikwenda zao kabla ya saa sita. Mi nilibaki.

Nimefika darasa la nne tu. Nalisema mapema ili msomaji asitafute Kifaransa kizuri humu. Lakini ukitoka soko la Muyinga ukafuata barabara ya kwenda Kobero, kila paa refu ambalo halijapinda nimelipandisha mimi Rajabu, au mtu niliyemfundisha. Niulizie tu.

Mkuu wetu tulimwita Furere Segantin. Furere ni mtawa asiyekuwa padri. Huyu alikuwa seremala, mtu mwembamba, mkali kuhusu mbao, mpole kuhusu watu. Alitoka Italia ya kaskazini. Segantin lilikuwa jina la ukoo wake, na jambo hilo lilitusumbua kichwa, kwa sababu kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake. Ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja anaitwa kivyake, na jina lina sababu yake. Siku moja tukila maharage nikamuuliza.

"Furere, jina yako maana yake nini?"

"Mpasua mbao. Babu ya babu yangu alipasua magogo kule milimani. Watu wakamwita hivyo, watoto wake wakabaki nayo."

"Na we umempa nani?"

"Nimpe nani? Mi sina mtoto. Ndugu yangu amezaa wasichana, na kwetu msichana hapeleki jina mbele. Kijijini imebaki nyumba tatu."

"Basi itakwisha."

"Itakwisha," akasema, kama mtu anayesema kesho ni Jumatano, akaendelea na maharage yake.

Sasa nieleze kazi. Kenchi ni zile mbao zinazounganishwa pembetatu kubeba paa; kwenye shantie zetu, yaani pale tunapojenga, tunasema sharpante. Siku hizi vijana wanapiga misumari tu. Furere alitaka ulimi na tundu: unachonga ncha ya ubao iwe kama ulimi, unachimba tundu kwenye ubao wa pili, vinaingiana, unafunga kwa kigingi. Ubao lazima uwe umekauka. Mkalitusi mbichi unakudanganya. Leo ulimi umejaa tundu, baada ya miezi umesinyaa, paa linaanza kulegea juu ya vichwa vya watu.

Na alikuwa na mtihani wake. Kenchi zikishapanda na miti ya kuegemezea ikaondolewa, fundi aliyezichonga husimama chini yake. Furere huketi pembeni, anamenya chungwa, analila kipande kwa kipande. Hakuwa na haraka kabisa. Likiisha na mbao zimenyamaza, anapanda ngazi na kalamu yake ya useremala, anaandika kwenye nguzo ya katikati jina la fundi, na chini yake: Segantin. Tangu hapo shantie nzima inakuita hivyo. Mafundi waliopewa jina hilo wakaanza kuwapa watoto wao. Ndivyo lilivyoanza kutembea kwenye vilima vya Gitega.

Mi nililitaka kuliko mshahara. Nikapelekwa Muyinga kuwa kapita, msimamizi wa mafundi, kwenye ukumbi wa shule. Juu yangu alikuwepo shefu wa shantie, bwana mwenye tumbo na kofia, aliyepiga kelele tangu asubuhi. Mke wangu Mwajuma, mtoto wa Muyinga, alikuwa na mimba kubwa. Hapo ndipo ujanja wangu ulipoanza kunila. Furere aliagiza magogo yangoje kiangazi. Mi nikataka kenchi zipande kabla, nimpokee mtoto nikiwa Segantin tayari. Nikapasua mkalitusi mbichi.

Mtoto akawahi. Msichana. Kwetu Waislamu jina hutolewa siku ya saba, siku ya akika, lakini mimi nilishatamba kwenye baraza zima la mtaa, na siku ya tatu tu nikaenda komini, ofisi ya serikali, kuandikisha: Zaina Segantin. Karani akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia aandike.

Mama mkwe wangu, Bi Asha, alikuwa akiuza sambusa sokoni na ulimi wake unafahamika mpaka mpakani. Akaniita.

"We mkwe, mjukuu wangu umempa jina ya watu wa misa?"

"Mama, ni jina ya kazi. Maana yake mpasua mbao."

"Na we wamekupa lini hiyo jina?"

"Siku ya saba. Asubuhi napandisha kenchi, mchana tunachinja mbuzi."

"Haya," akasema. "Nitakuja kuona jina inavyopanda."

Siku moja kabla, nikipima kenchi ya tatu, ncha ya kisu changu iliingia kati ya ulimi na tundu. Haikupaswa kuingia hata karatasi. Nilijua dawa yake, kila fundi mbaya anaijua: unga wa mbao, gundi, unapaka, unasugua. Nikapaka. Shefu alipita hakuona kitu.

Kesho yake Furere akafika kwa pikipiki kutoka Gitega. Kenchi zikapanda, miti ikaondolewa, nikasimama chini. Akaanza kumenya chungwa. Mbao kimya. Nilijua zitanyamaza siku ile. Zingesema mwakani, wanafunzi wakiwa wamekaa. Chungwa lilipofika nusu, akaingia Bi Asha na mtoto mgongoni. Akanipita, akasimama hasa chini ya kenchi ya tatu.

"Kama ni nzuri," akasema, "mi na mwenye jina tunakaa hapa mpaka Furere ashibe."

Nilimwangalia. Nikaangalia juu, pale nilipopaka.

"Mama, toka hapo."

"Kwa nini?"

"Toka, mama. Ulimi umesinyaa. Nimeuziba kwa gundi."

Shefu alinitukana kwa lugha tatu. Bi Asha alimfunika mtoto kichwa kwa kitenge, akatoka, na hilo liliniuma zaidi. Furere aliweka nusu ya chungwa mfukoni.

"Mtoto umeshamwandikisha?"

"Ndiyo."

"Jina gani?"

"Yako, Furere."

Akanipa ile kalamu yake. "Basi jina imetangulia, we uko nyuma. Ifuate. Teremsha zote."

Nikateremsha zote, hata zile nzuri. Kwenye akika tulisema Zaina tu. La pili nikamwambia Bi Asha lingoje. Nilikatwa mshahara, mafundi wawili wakaniacha, sikuondoka. Nikatafuta magogo, nikayapasua, nikayapanga kivulini, nikayageuza kila wiki kiangazi kizima. Kenchi za pili kisu hakikuingia popote. Lakini kabla hazijapanda Furere aliugua, akarudishwa kwao, na huko akafariki. Hakukuwa na mtu wa kula chungwa.

Wengi wangejiandikia. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Sikujiandikia. Nikawa mkubwa wa shantie mimi mwenyewe, nikafundisha watu wengi, nikawalia machungwa yao, nikawaandikia. Leo simama soko la Muyinga uite Segantin: atageuka muuza vitenge, atageuka mwendesha pikipiki, na mwalimu wa madrasa. Zaina alinionyesha kwenye simu ukurasa wa majina ya ukoo. Wameandika ni jina adimu, la Italia ya kaskazini. Muyinga hawajafika hao.

Mwaka huu nimestaafu, bega limekataa. Karakana anayo Zaina. Kazi yake ya kwanza peke yake ilikuwa kubadilisha mabati ya ukumbi ule ule wa shule. Akaniita nikaangalie. Mabati ya zamani yalikuwa chini, kenchi zangu ziko wazi juani, nyeusi kwa miaka, zimenyooka kama siku ile.

"Baba, simama hapo chini."

"Mi nimestaafu."

"Simama."

Akaketi juu ya rundo la mabati, akatoa chungwa. Amerithi maringo yangu na ulimi wa bibi yake, lakini ule utaratibu sijui kautoa wapi. Kipande kwa kipande. Shingo iliniuma kwa kutazama juu. Alipomaliza alinyoosha mkono, nikampa kalamu, imebaki fupi kama kidole gumba. Akapanda ngazi, akapangusa vumbi kwenye nguzo ya katikati, akaandika Rajabu, na chini yake akaandika jina lake la pili.