Kijiti cha Mwezini

Dada yangu ni fundi wa vipimajoto, na kuishi naye kunataka moyo. Miaka mingi alihangaika na kijiti kimoja chembamba chenye vipimajoto kumi, kijiti cha kupelekwa Mwezini na chombo kisicho na mtu, kichomekwe ardhini kipime joto la udongo. Alikijaribu maabara kwenye ndoo ya mchanga. Nyumbani habari za ndoo zilitutoka puani.

Chombo kikatua salama, mota yake ya kuchimbia ikakizamisha kijiti ardhini. Lakini vipimajoto vyote vikaleta joto karibu sawa, juu hadi chini. Haiwezekani: kule juani udongo unaunguza, na shibiri moja chini ni baridi tupu. Wakubwa wakasema kijiti kimeharibika. Jua la huko lilikuwa linakaribia kuzama, na chombo kisingevumilia baridi ya usiku.

Dada akarudi nyumbani kanuna, akaanza kupanga vitu jikoni. Akamimina sukari kwenye kopo, akaligonga mezani ili ishuke. Akanigeukia.

"Mdogo wangu, hivi mimi huwa nagonga makopo?"

"Unagonga kila kitu. Unga, chumvi, mpaka dawa ya mswaki. Tumekuzoea tu."

Akakaa chini. Kumbe hata ndoo ya maabara aliigonga kila mara kabla ya kupima, bila kujijua, na mchanga ukakibana kijiti. Mwezini hakuna wa kugonga. Kijiti kilisimama ndani ya tundu lake bila kugusa udongo, kikijipima chenyewe.

Alimweleza mkuu wake bila kujitetea. Mzee yule akasema:

"Mota ya kuchimbia inaweza kuutikisa udongo. Ila waya zako ni nyembamba, zikikatika ndiyo basi. Kijiti chako, mama. Sema wewe."

"Tikiseni."

Wakatikisa. Vipimajoto vya juu vikabaki na joto, vya chini vikaanza kushuka kimoja baada ya kingine, vikashuka hasa. Muda wa kunywa kikombe cha chai hivi, kisha waya zikakatika kweli na kijiti kikanyamaza.

Wenzake walimpa pole. Mimi alinipigia simu akilia, na nilijua ni furaha, maana kwa huzuni huwa hapigi simu.

"Kimekufa," alisema. "Lakini kimekufa kikisema kweli."